Misumari Miwili ya Wodi ya Njiti

Wiki niliyoaga kazi walikuja mafundi kupaka rangi wodi yetu ya watoto njiti. Mmoja akapanda ngazi na koleo mkononi, anataka kung'oa misumari miwili iliyo juu ukutani, mmoja ukuta huu na mmoja ukuta wa pili, haina picha wala kalenda. Nikamwambia, "Fundi, hiyo iache." Akaniuliza, "Mzee, inashika nini?" Nikafungua mdomo nimjibu kwa kifupi, nikakumbuka kwamba mimi kifupi sikijui. Hata kwenye sherehe ya kuniaga nilipewa nafasi ya kusema neno moja, wakaja kuninyang'anya kipaza sauti watu wawili.

Sasa niko nyumbani Usagara, nimestaafu, na mke wangu amenipiga marufuku kufagia uwanja mara ya pili kabla ya chai. Anasema kuku wamechoka kuhamishwa. Kwa hiyo nimekaa nawaandikia ninyi mliobaki kazini. Nikisimama katikati ya sentensi mnisamehe, miguu yangu haijaelewa kwamba imestaafu. Na lugha pia mnisamehe. Shule niliishia kidato cha pili, na hicho cha pili chenyewe tuligawana, nusu yangu nusu ya mafua na kuvua samaki kule kwetu Ukerewe.

Nilianza kama mbeba machela. Siku ya kwanza nilitumwa kupeleka mashuka wodi ya njiti, nikayaweka, nikaona juu ya meza kuna kitambaa kimebaki hakijakunjwa. Nikanyoosha mkono nikikunje. Nilipigwa kofi la mkono ambalo nikilikumbuka bado nauficha mkono nyuma. Kumbe ndani ya kitambaa kuna mtu. Uso wake ulikuwa kama ngumi ya mtoto, na alikuwa ananitazama kama mtu aliyeamshwa na mjinga.

Aliyenipiga ni Sista Kokugonza, muuguzi mkuu wa wodi ile, mama wa Kihaya mwenye sauti ya chini ambayo ilikuwa mbaya kuliko ya juu. Akanitazama ninavyohama mguu huu kwenda mguu ule.

"Wewe mbona hutulii? Una haja?"

"Hapana Sista, miguu yangu ndivyo ilivyo."

"Unaitwa nani?"

"Mafuru."

"Basi Mafuru, huku ndiko kwenu. Huku mtu akitulia, watoto wanapata baridi."

Akaenda kuniomba kwa mkubwa wa wahudumu, na machela nikaachana nayo hapo hapo.

Ninyi leo mna mashine zinazolia zenyewe. Sisi miaka ile ya tisini tulikuwa na sanduku la mbao alilotengeneza seremala, lina kioo juu na balbu ndani. Mimi nililiita oveni, Sista akisikia ananifukuza nje. Umeme ukiwepo, sanduku lilifanya kazi vizuri. Lakini miaka ile umeme ulikuwa na mgao, unakuja kama mgeni anayejua hapendwi, anachungulia anaondoka. Jenereta ilikuwepo, ila ilikuwa ya chumba cha upasuaji. Kwetu jenereta ilikuwa mimi.

Nyuma ya wodi nilikuwa na jiko la mkaa na sufuria kubwa. Nachemsha maji, najaza kwenye chupa za soda, nafunga vizibo vya mpira, halafu nazivalisha soksi. Soksi tulizipata kwenye mitumba. Biashara ilikuwa imefunguliwa, mabelo yanashuka kila wiki, na katika kila belo kuna soksi nene za sufu za watu wa nchi za barafu. Mwanza nzima hakuna aliyezitaka. Wauzaji walituletea mafurushi. Kwa hiyo chupa zetu zilivaa soksi nzuri, na mimi niliyezivalisha nilikuwa navaa kandambili.

Nawaambia jinsi ya kuziweka, maana siku mashine zenu zikigoma mtanikumbuka. Chupa usimgusishe mtoto. Iweke pembeni, kitambaa katikati, na kwanza iguse wewe kwa ndani ya kiwiko. Usibadilishe zote pamoja. Toa moja weka moja, ili mtoto asijue kama kuna kitu kimeondoka. Ukimaliza ya mwisho, ya kwanza imeshapoa. Kazi ile haikuwa na mwisho, ndiyo maana niliipenda.

Lakini Sista aliniambia mapema kwamba maji ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni wazazi. Siku moja alinisikia namwambia mama mmoja, "Mama usijali." Akanivuta pembeni.

"Mafuru, mama yule mtoto wake anapumua kwa kuhema kama samaki. Unamwambia asijali?"

"Nilikuwa namfariji, Sista."

"Umejifariji mwenyewe. Mzazi hapa atajali tu. Wewe mpe kazi. Mpe chupa ashike, mpe kitambaa akunje, mwambie amwimbie mtoto. Mzazi asiye na kazi anageuka mgonjwa wa pili."

Maneno hayo sijayakuta kwenye karatasi yoyote, na karatasi nimepita nazo nyingi, nikizifunikia sufuria.

Sasa sikukuu. Mtu ambaye hajakaa wodi ya njiti wakati wa Krismasi asije akaniambia anajua kusubiri. Madaktari wengi wako likizo. Ndugu wamekwenda vijijini. Huko nje, kuanzia Kirumba mpaka Igoma, kila duka limetoa redio mlangoni, na harufu ya pilau inapita dirishani bila kubisha. Ndani akina mama hawatulii. Huyu ana watoto nyumbani hawajashonewa nguo. Yule anauliza kama meli ya Nansio inaondoka, wakati anajua hawezi kuipanda. Wanakwenda dirishani, wanarudi, wanamtazama mtoto, wanakwenda dirishani. Mimi nami nazunguka na chupa zangu. Ukituangalia kutoka juu ungedhani tunacheza ngoma.

Krismasi moja ya namna hiyo ndiyo iliyopiga misumari.

Siku mbili kabla ya sikukuu aliletwa dada mmoja anaitwa Milembe, kutoka ng'ambo ya Busisi. Walivuka kwa kivuko akiwa amelala kwenye lori la samaki, amepata kifafa cha mimba. Wakamfanyia upasuaji, mtoto akatoka kabla ya wakati wake, wa kiume, mdogo kuliko kile kitambaa nilichotaka kukunja. Mama mtu akalazwa wodi nyingine, hajielewi vizuri. Mtoto akaja kwetu, akaingizwa kwenye sanduku la balbu.

Akaja na watu wawili. Wa kwanza ni bibi yake, mama yake Milembe, aitwaye Nkwimba. Mama wa Kisukuma mrefu, mkulima wa pamba, ana kikohozi cha vumbi na mfuko wa salfeti, ule mweupe wa mbolea. Ndani ya mfuko kulikuwa na pamba yenyewe, na mbegu zake. Wanunuzi binafsi walikuwa wameanza kuzunguka vijijini na malori yao, lakini kwake walikuwa hawajafika, basi akaibeba akaja nayo aifanye mto.

Wa pili ni baba wa mtoto, Mabula, tingo, msaidizi wa dereva wa lile lori la samaki. Kijana ana kifua kama mlango wa stoo, na hawezi kukaa. Nilipomwona nilifurahi, nikajua nimepata ndugu. Alipima korido yetu kwa hatua mpaka sakafu ikaanza kung'aa. Ila wodini haingii. Anafika mlangoni, anachungulia, anakimbia. Nikadhani anaogopa damu.

"Kaka, ingia basi umwone mwanao."

"Dokta, mama yupo?"

"Mama mtoto yuko wodi nyingine."

"Sio huyo. Mama. Mkwe."

Hapo nikaelewa. Kwao mkwe ni mkwe. Mwanaume na mama mzaa mke hawakai chumba kimoja, hawatazamani usoni, hawaitani majina. Ndani ya lori lile walivuka Busisi yeye amesimama nyuma na matenga, bibi amekaa mbele na dereva. Na mimi waliniita dokta kwa sababu ya koti. Niliwaambia mara nyingi mimi ni mtu wa ndoo, wakadhani ni unyenyekevu.

Asubuhi ya Krismasi umeme ukaondoka. Kulikuwa na mvua, baridi ya ziwa inaingia mpaka kwenye magoti. Nikakoleza jiko. Sista Kokugonza akagusa mtoto wa Milembe miguuni. Akagusa tena.

"Chupa hazimtoshi huyu. Anataka ngozi."

Alikuwa ametoka kwenye semina ambako walifundishwa kumfunga njiti kifuani kwa mzazi, ngozi kwa ngozi, kama yule mnyama kangaruu. Mimi nilikuwa nimeshauliza kama mnyama mwenyewe anapatikana Serengeti, sikujibiwa. Akina mama wengine wote walikuwa wamebeba wa kwao. Milembe hajielewi. Bibi anakohoa, Sista hakutaka kikohozi kile karibu na mtoto. Nikasema mimi hapa nina kifua. Sista akanitazama kifua.

"Hicho ni mbavu tu. Na ukikaa wewe, nani atachemsha maji? Niitie baba yake."

Nikamleta Mabula kwa kumshika mkono. Akaingia hatua moja, akamwona bibi amekaa kwenye benchi karibu na sanduku. Bibi naye akamwona, akajifunika kanga uso mzima. Mabula akageuka kutoka kwa kasi, akanikuta mimi na ndoo. Sote watatu, mimi, yeye na ndoo, tulikwenda chini.

Sista akamwambia bibi atoke nje kidogo.

"Sitoki," bibi akasema ndani ya kanga. "Mwanangu kabla hajapoteza fahamu aliniambia, mama, mtoto nisimwache. Nisimwache! Huyo akae hukohuko."

"Bibi, mtoto anapoa. Huyu lazima avue shati ambebe."

"Avue shati mbele yangu? We Sista una mkwe kweli?"

Kule korido Mabula akajibu, anaiambia ile ndoo: "Bora mnichinje."

Nawaambia ukweli, nilitaka kucheka na nilitaka kulia. Mtoto yule vidole vyake vilikuwa vinabadilika rangi. Na watu wawili wanaompenda kuliko watu wote wa dunia hii walikuwa pale pale, na hakuna aliyekuwa anakataa kwa ubaya. Walikuwa wanaheshimiana. Ilibaki kidogo heshima yao imuue.

Miguu yangu ikaondoka kabla ya kichwa, kama kawaida. Nilikwenda stoo, nikachukua nyundo, misumari miwili, kamba na shuka, nikapanda benchi nikaipigilia, mmoja ukuta huu na mmoja ukuta wa pili. Kamba nilifunga msumari huu mpaka ule, shuka likaning'inia katikati ya chumba, likafika chini. Akina mama wakaanza kuguna, wengine wanacheka chinichini. Nikamweka bibi upande wa dirisha, kisha nikamwingiza Mabula na kumkalisha kwenye benchi upande wa sanduku.

"Bibi, unamwona mtu?"

"Naona shuka."

"Kaka Mabula, unamwona mtu?"

"Shuka lina doa, dokta."

"Haya, vua shati."

Sista akamfunga mtoto kwenye kile kifua, kichwa kiko chini ya kidevu, akaziba juu kwa kanga mbili na sweta la mitumba. Akamfundisha kwa ile sauti ya chini, na wodi nzima ikasikia: "Kaa usiinuke. Huyu ni mdogo, wakati mwingine anasahau kupumua. Ukiona kifua chake kimetulia, msugue unyayo kwa kidole. Usipige kelele, usikimbie. Unyayo."

Nimewahi kuona watu wakifanya kazi ngumu. Nimeona makuli wa bandarini na wachimbaji wa Geita. Sijaona mtu akitaabika kama Mabula alivyotaabika kukaa. Magoti yalikuwa yanatetemeka kama lori lisilozimwa. Jasho linamtoka. Kila nikipita na chupa ananishika koti.

"Dokta, bado?"

"Bado nini? Umekaa muda wa kumenya ndizi moja."

Bibi naye kule ng'ambo hatulii. Hamwoni mjukuu. Anasimama, anakaa, anakohoa, anasimama. Nikakumbuka neno la Sista kuhusu mzazi asiye na kazi. Nikaona ule mfuko wa salfeti.

"Bibi, mtoto anataka kofia nene na kitanda laini. Hiyo pamba ukiitoa mbegu, tukaishona ndani ya kitambaa safi, itafaa."

Nilisikia tu mfuko umefunguliwa. Na mbegu zikaanza kudondoka kwenye beseni, to, to, to.

Ndipo mazungumzo yakaanza, na mimi nikawa posta.

"Dokita, muulize huyo, mtoto ana joto?"

"Kaka, mama anauliza mtoto ana joto?"

"Mwambie mama, miguu bado baridi, ila tumbo limeanza."

Walikuwa hawajaachana hatua tatu, wanasikiana kikohozi, lakini kila neno lilizunguka kupitia kwangu. Nikawa nakimbia kwenye jiko, nakimbia wodi ya Milembe kuchukua maziwa waliyomkamua, narudi nakuta barua mbili zinanisubiri.

"Dokita, mwambie huyo anywe uji. Mtu mwenye njaa hatoi joto."

"Mwambie mama nashukuru, ila nikishika kikombe nitamwagia mtoto."

"Basi wewe dokita mnyweshe."

Nikamnywesha Mabula uji kama mgonjwa, na akina mama wakacheka mpaka mmoja akaambiwa na Sista atamwangusha wake. Ilikuwa mara ya kwanza siku hiyo kusikika kicheko cha kweli. Nje mvua, redio za madukani zimekufa pamoja na umeme, na sisi tunasikia mbegu tu kwenye beseni.

Mchana Sista aliitwa wodi ya wazazi, kuna mama mwingine amezidiwa. Mimi nilikuwa mlangoni, chupa nne mikononi. Nikamwona Mabula amebadilika uso. Ameangalia chini, mdomo wazi. Yale magoti yaliyotetemeka tangu asubuhi yalikuwa yametulia tuli, na hilo ndilo lililonitisha.

"Dokta," akasema polepole. "Dokta, ametulia."

Mikono yangu ina chupa za moto, siwezi kuzitupa juu ya watoto wa watu. Naye mafunzo yote yamemtoka. Akaanza kuinuka, anataka kukimbia na mtoto, wapi hajui.

Na mbegu zikaacha kudondoka.

"MABULA!"

Shuka halikusogea. Sauti ilipita katikati yake kama halipo.

"Mabula, kaa chini! Unyayo! Msugue unyayo, baba, msugue!"

Akakaa. Akaingiza mkono ndani ya kanga, nikaona kiwiko kinacheza. Wodi nzima hakuna aliyevuta pumzi, nadhani tulikuwa tunamwachia yeye. Anasugua. Anasugua. Halafu kutoka chini ya kile kidevu kikatoka kilio kidogo, chembamba, cha hasira, kama paka aliyekanyagwa mkia nyumba ya tatu.

Mabula akalia. Kifua kizima kile kinatikisika na mtoto juu yake, na mtoto akazidi kukasirika, na kadiri alivyokasirika ndivyo alivyokuwa mwekundu, na kadiri alivyokuwa mwekundu ndivyo sisi tulivyomshangilia.

Kisha kila mtu akakumbuka kilichosemwa. Mkwe amemtaja mkwe jina, mara mbili, mbele ya watu.

Ng'ambo ya shuka bibi akakohoa kidogo.

"Dokita."

"Naam, bibi."

"Mwambie huyo, asimwambie mtu kwamba nimemtaja."

Nikageuka. Mabula alikuwa anajipangusa uso kwa pindo la kanga.

"Kaka, mama anasema..."

"Mwambie mama," akasema, "mimi sijasikia kitu."

Baada ya muda mbegu zikaanza tena kwenye beseni, to, to, to.

Umeme ulirudi jioni. Sista akasema mtoto anaweza kurudishwa kwenye sanduku. Mabula akakataa kumtoa. Yule asiyeweza kukaa alikaa pale sikukuu yote na siku zilizofuata, hata lori lake likaondoka na tingo mwingine. Milembe alipopata fahamu wakamleta kwenye kiti cha magurudumu, akamkuta mumewe kifua wazi upande huu na mama yake upande ule, na mtoto ana kofia ya pamba kubwa kuliko mwili. Akauliza kama kweli amepona au bado anaota.

Siku walipotoka, Mabula alitangulia mbele sana na mfuko wa salfeti begani, sasa ni mtupu. Milembe akafuata na mtoto. Bibi akabaki nyuma, ili ile nafasi ya heshima itoshe. Mimi nilikuwa juu ya benchi na koleo, nimeshatoa shuka, nimeushika msumari wa kwanza.

"Dokita, unafanya nini?"

"Nang'oa, bibi. Ukuta wa serikali huu."

"Acha hiyo misumari," akasema. "Wakwe wako wengi nchi hii."

Nikashuka na koleo langu.

Alisema kweli. Shuka lile nililitundika tena miaka mingi, sikukuu na siku za kawaida. Mara kwa mkwe, mara kwa baba mwenye aibu tu, na mara moja kwa bwana mmoja mfanyabiashara wa Kihindi na baba yake mzazi, waliokuwa wamenuniana kuhusu duka. Kwa hiyo mafundi mmewaona wamepaka rangi. Wamepaka hadi juu ya misumari, haidhuru, shuka halichagui rangi. Shuka lenyewe liko kabati la chini, nyuma ya soksi. Lile lenye doa.